Nyuzi nne zinamaliza betri? Kupima nishati ya prosesa kwa perf

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Ofisini kwetu kuna kompyuta ndogo ya Linux yenye prosesa ya Intel Core. Inatumia sola na betri, na kila usiku inaandaa ripoti. Programu ya ripoti nimeiandika kwa namna mbili: ya kwanza inatumia uzi mmoja (thread, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) na inamaliza kwa sekunde 40, ya pili inatumia nyuzi nne na inamaliza kwa sekunde 13. Hii ya pili ikianza tu, feni inavuma, na mwenzangu anashikilia kwamba ndiyo inayotumalizia betri. Nimejaribu perf, zana ya Linux ya kupima utendaji, kwa amri `perf stat -e power/energy-pkg/ ./ripoti`, nikaambiwa `<not supported>`. Ina maana prosesa yangu haina uwezo huo?

Jibu: Uwezo unao, ndugu yangu, isipokuwa kama prosesa yenyewe ni ya kabla ya 2011. Kuanzia kizazi cha Sandy Bridge, prosesa za Core zina vihesabio vya nishati vinavyoitwa RAPL, na perf inavisoma tangu kerneli (moyo wa mfumo wa Linux) toleo la 3.14. Ulichokosa ni `-a`, pamoja na ruhusa ya msimamizi:

`sudo perf stat -a -r 5 -e power/energy-pkg/ ./ripoti`

Kihesabio hiki ni cha prosesa nzima. Ni sawa na mita moja ya LUKU kwenye nyumba yenye wapangaji watano: inajua umeme uliotumika, haijui nani alikuwa anapiga pasi. Usipoweka `-a`, perf inajaribu kuihesabia programu yako peke yake, jambo ambalo kihesabio hakiwezi, ndiyo maana ya jibu ulilopata. Kwa hiyo, kabla ya kupima, funga kivinjari, simamisha masasisho na kazi zote za nyuma. Ile `-r 5` inarudia kazi mara tano na kukupa wastani pamoja na kiasi majibu yanavyotofautiana. Tofauti ikiwa kubwa, ujue kuna mpangaji mwingine ambaye hajazima pasi.

Sasa kesi yenu. Kwanza pima kompyuta ikiwa imekaa bila kazi:

`sudo perf stat -a -e power/energy-pkg/ sleep 60`

Tuseme umepata jouli 180 (jouli ni kipimo cha nishati). Gawanya kwa sekunde 60, unapata wati 3, yaani jouli 3 kila sekunde. Halafu tuseme programu ya uzi mmoja imetumia jouli 480 na ya nyuzi nne jouli 364. (Namba hizi ni za mfano, weka za kwako.) Ukiangalia wati, mwenzako anaonekana yuko sahihi: 480 kwa sekunde 40 ni wati 12, na 364 kwa sekunde 13 ni wati 28. Lakini betri haijali wati za juu zilizodumu kitambo kidogo. Inachotoa ni jouli, na kwa jouli nyuzi nne zimetumia kidogo.

Kidogo kiasi gani? Hapo inategemea kompyuta inafanya nini ikishamaliza. Kama inazimwa, umeokoa jouli 116 kwa kila ripoti. Kama inabaki imewashwa, zile sekunde 27 zilizosalia zinaendelea kula wati 3, yaani jouli 81, kwa hiyo ulinganisho halali ni 480 kwa 445. Tofauti inabaki 35. Wati-saa moja ni jouli 3,600, hivyo ungehitaji ripoti zaidi ya mia moja ili uokoe wati-saa moja. Kwa maoni yangu, mkiwa na ripoti moja tu kwa usiku, hoja kubwa kwenu ni kuizima kompyuta kazi ikiisha. Mjadala wa nyuzi ungeweza kusubiri.

Angalia pia kile unachosoma. `energy-pkg` ni kifurushi chote cha prosesa: viini (cores), kache (kumbukumbu ndogo ya ndani) na kitengo cha michoro (GPU) kilicho ndani yake. `energy-cores` ni sehemu ya hicho hicho kifurushi, usizijumlishe. `energy-ram`, yaani ya kumbukumbu ya RAM, kama `perf list` inakuonyesha unayo, inahesabiwa kando. Skrini, diski, hiyo feni yenyewe, na umeme unaopotea kwenye inveta havimo kabisa. Ukitaka kujua betri inatoa kiasi gani kwa jumla, weka mita kwenye soketi. Perf itumie kulinganisha programu na programu. Na kihesabio husasishwa takriban kila milisekunde moja, kwa hiyo kazi fupi mno izungushe mara nyingi kwanza, kisha gawanya.

Kwa wanaouliza kuhusu prosesa za AMD: za familia ya Zen zinasomeka kwa perf kuanzia kerneli 5.8. Kwenye seva ya kukodi mara nyingi hutaona chochote, kwa sababu mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya nyingine) haipewi vihesabio hivi. Na faili la `energy_uj` lililoko chini ya `/sys/class/powercap`, ambalo nalo huonyesha namba za RAPL, limefungwa kwa watumiaji wa kawaida tangu mwishoni mwa 2020, baada ya watafiti kuonyesha, katika shambulio waliloliita PLATYPUS, kwamba mabadiliko ya nishati yanaweza kuvujisha funguo za siri. Usilifungulie kila mtu kwa uvivu wa kuandika sudo.

Jaribio moja zaidi ambalo ningelifanya kwenu: zima turbo, ile hali ya prosesa kujiongezea kasi kupita ya kawaida. Kasi ikipanda, volteji nayo hupanda, na nishati hukua kwa mraba wa volteji. Kama kompyuta inatumia intel_pstate, kiendeshi cha Linux kinachosimamia kasi ya prosesa za Intel:

`echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo`

Pima tena nyuzi nne. Sekunde zitaongezeka, feni huenda ikatulia, na jouli zinaweza kushuka chini ya zile za mwanzo, au zisishuke kama wati za kukaa bure ni nyingi. Ukimaliza kupima, rudisha 0.