Usinunue peji iliyokwisha kujaa wafuasi

Dada, kama hiyo laki tatu na nusu bado iko kwenye simu yako, usiitume. Usimpe huyo jamaa anayekuuzia peji hata "ya kushikilia". Umeuliza mambo manne: ununue peji ya Instagram ya vichekesho yenye wafuasi 42,000 uigeuze kuwa ya viatu vya kike, uposti saa ngapi, uanze na Instagram au TikTok, na kama logo ni lazima. La kwanza ndilo litakalokufilisi, kwa hiyo ndilo ninalolijibu.

Mimi nilinunua. Wiki ya tatu mwenyewe akairudisha mikononi mwake, akafuta lipa namba yangu pale juu ya peji akaweka yake, na wateja wakamlipa yeye kwa viatu vilivyokuwa ndani kwangu. Inatosha hapo. Ninachotaka uelewe ni jinsi inavyofanyika, maana dalali atakuambia "unabadilisha paswedi tu, imeshakuwa yako". Ni uongo, na anayekuambia anajua kuwa ni uongo.

Umiliki wa peji ya Instagram haukai kwenye paswedi. Siku utakapoondoa barua pepe ya muuzaji na kuweka yako, Instagram watatuma taarifa kwenye ile ya zamani, kutoka security@mail.instagram.com, na ndani yake kuna kiungo cha kutengua mabadiliko. Ukinusurika hapo, anaweza kuripoti kwamba amedukuliwa. Kama kwenye peji kuna picha zenye sura yake, ataombwa ajirekodi video ya uso akigeuza kichwa huku na huku, walinganishe na picha zilizopo. Kama hakuna picha za sura, wataulizia barua pepe au simu iliyotumika kujiandikisha na aina ya kifaa kilichotumika siku hiyo. Hayo yote anayo yeye. Wewe utakuwa na meseji ya muamala tu, na huwezi kuwapelekea Instagram, kwa sababu masharti yao yanakataza kuuza na kununua akaunti. Ukilalamika kwao unajishitaki mwenyewe.

Haya, tuseme huyu wako ni mwaminifu, hatairudisha. Bado umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwombe afungue takwimu za peji mbele yako, kwenye simu yake, si kukutumia picha ya skrini, maana picha inatengenezwa kwa dakika mbili. Tazama miji, umri na jinsia. Peji ya vichekesho watu wake wametapakaa: kidogo Dar, kidogo Mombasa, kidogo Lubumbashi, na wengi ni vijana wa kiume waliokuja kucheka. Wanawake wa Tabata wanaotafuta kiatu cha ofisini namba 39 ni wachache mno humo.

Kisha fungua orodha ya wafuasi, shuka mpaka katikati, chagua ishirini bila kuangalia majina, ingia kwa mmoja mmoja. Akaunti ya kupikwa utaijua: jina lina mkia wa namba sita, hakuna picha, hakuna posti hata moja, na anafuata watu wanaokaribia 7,500, ambao ndio ukomo wa Instagram kwa akaunti moja. Ukikuta saba au nane za namna hiyo kati ya ishirini, sehemu kubwa ya hizo 42,000 ilinunuliwa kabla ya kukuuzia wewe. Na Instagram huwa wanafagia akaunti za uongo. Walifagia kwa kishindo Desemba 2014, na Novemba 2018 wakatangaza kuondoa likes na wafuasi wanaotokana na programu za nje. Unaweza kuamka asubuhi ukakuta maelfu hawapo.

Hasara kubwa inakuja ukianza kuposti. Posti yako inajaribiwa kwanza kwa watu wachache, wakiwemo wafuasi wako. Wao walifuata vichekesho, leo wanaona ndala, wanapita. Kila anayepita bila kusimama anaiambia Instagram kwamba hiki kitu hakina mtu, na posti inazimwa hapo hapo. Peji mpya yenye wafuasi 200 wa kweli inafika mbali kuliko hiyo.

Ukiona posti hazitembei, utafanya walivyofanya wengi: utabusti, yaani utalipia posti ionyeshwe kwa watu zaidi. Utabonyeza kile kitufe, utaacha walengwa kwenye "otomatiki", na otomatiki maana yake ni kutafutiwa watu wanaofanana na wafuasi wako. Yaani unalipa mara ya pili utafutiwe wapenda vichekesho wengine. Laki tatu na nusu unaipoteza mara moja, hii unaipoteza kila siku, elfu tano tano, huku ukiona likes zinaongezeka na kudhani mambo yanaenda.

Na mteja naye si mjinga. Aliyewahi kutapeliwa mtandaoni anajua kufungua "Kuhusu akaunti hii". Pale anaona peji ilifunguliwa lini, iko nchi gani, na kama iliwahi kubadilisha jina. Akikuta peji ya zamani iliyobadilishwa jina na leo ni duka la viatu, hatatuma hata shilingi kabla ya kuona mzigo, na hatakosea.

Hasira yangu iko kwa hawa wanaojiita walimu wa masoko ya mtandaoni. Wanakusanya watu kwenye kundi la WhatsApp, wanatoza ada ya darasa, wanafundisha "kwanza jaza peji, wateja watakuja wenyewe", na kabla darasa halijaisha wanatoa orodha ya peji zinazouzwa. Wanajua mtu anayeanza anaona aibu kuwa na wafuasi 60. Aibu hiyo ndiyo wanayoiuzia. Usiwe na aibu. Wafuasi 60 walio Dar na wanaovaa viatu ni mtaji.

Kanuni ni moja tu: usilipie mtu ambaye hawezi kukuandikia "nataka namba 38". Hela yote ya tangazo iishie kwenye ujumbe wa WhatsApp, si kwenye like wala kwenye idadi ya wafuasi.

Kwa hiyo fungua peji mpya kwa barua pepe yako na laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na zile namba za akiba, za kuingilia peji simu ikipotea, ziandike kwenye karatasi, si kwenye simu ile ile. Iweke kuwa akaunti ya biashara. Weka WhatsApp Business kwenye laini ya pembeni, jaza katalogi: picha, bei, saizi zilizopo. Bei iandike na kwenye posti. Hii tabia ya "bei njoo inboksi" inafukuza watu, mtu ana posti nyingine kumi mbele yake zenye bei.

Piga video ya sekunde 15 hadi 20, mlangoni asubuhi ambako mwanga unatoka pembeni. Shika kiatu, kunja soli mbele ya kamera, geuza ndani waone mshono, kisha kivae utembee hatua tatu kwenye sakafu. Maandishi: bei, saizi 37 hadi 41, Dar tunaleta kwa boda, mikoani tunatuma kwa basi. Basi, hakuna muziki wa kupasua masikio.

Tangazo lifanyie Ads Manager, ile sehemu ya Meta ya kutengenezea matangazo, usitumie kile kitufe cha kubusti. Chagua lengo la kupata mazungumzo, mahali pa mazungumzo pawe WhatsApp. Eneo ni Dar es Salaam tu kwa sasa. Wanawake, miaka 20 kwenda juu. Mambo wanayopenda yaache wazi, watu ukiwabana sana tangazo linakuwa ghali. Weka 6,000 kwa siku, siku tano, jumla 30,000. Lipia kwa kadi ya mtandaoni uliyoijaza kiasi hicho tu, ili hata peji ikiingiliwa wasikute kitu. Ukishaliwasha usiliguse mpaka siku tano ziishe, kwa sababu kila ukibadilisha kitu cha maana linaanza kujifunza upya lionyeshwe kwa nani, na hela ya siku zilizopita inakuwa imekwenda bure.

Halafu hesabu waliolipa. Tuseme kiatu umekichukua Kariakoo 18,000, unauza 30,000, mfuko na boksi 1,000, boda analipa mteja. Unabaki na 11,000. Tangazo la 30,000 likileta jumbe 40 na watano wakalipa, kila mteja amekugharimu 6,000, unabakiwa na 5,000 kwa kila pea. Inaendesheka. Wakilipa wawili tu, kila mmoja amekugharimu 15,000, unauza kwa hasara ya 4,000, na usiongeze hata mia. Rudi kwenye mazungumzo uone wanakwama wapi. Kama wanaishia kwenye "ipo namba 40?" na wewe ulijibu baada ya saa mbili, tatizo ni wewe kuchelewa. Tengeneza majibu ya haraka kwenye WhatsApp Business, ya saizi, ya malipo na ya usafiri, ujibu ndani ya dakika chache. Kama wanakimbia wakisikia nauli ya boda, iandike tangu kwenye posti. Malipo yahakiki kwenye salio lako, kamwe usitoe mzigo kwa meseji aliyokurushia mteja.

Aliyenunua mwombe ahifadhi namba yako, hata kwa kikaratasi ndani ya boksi. Orodha moja ya WhatsApp ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi (broadcast) inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyekuhifadhi kwenye simu yake. Mzigo mpya ukiingia hao unawaambia bila kulipia tangazo jingine, na ni watu ambao walishawahi kutoa hela.

Kuhusu logo, jina la duka kwa herufi zinazosomeka linatosha kwa sasa. Yale mengine tutaongea ukishauza pea kumi.

Huyo jamaa mwandikie usiku huu kwamba umeghairi. Akikujibu kuna mtu mwingine anaisubiri na kesho haipo, ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi saa moja kabla sijatuma hela.