Figo zangu ni nzima, kwa nini nipimwe jeni?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni Mkongo, nina miaka 27, naishi Ohio. Kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki na nimekubali kumpa figo. Presha yangu ni nzuri na mkojo hauna protini. Sasa wanataka kunipima jeni ya APOL1. Nikikutwa nayo, nami ni mgonjwa?

JIBU: Marahaba, dada. Jeni hiyo kila mtu anayo. Wanachotafuta ni aina zake mbili zilizobadilika, G1 na G2, zilizotambuliwa mwaka 2010 kwa watu wenye asili ya Afrika. Zimeenea zaidi Afrika Magharibi.

Zimeenea kwa sababu zilitufaa. Protini ya APOL1 iliyo kwenye damu hutoboa na kuua vimelea vinavyoletwa na mbung'o. Vimelea vya malale ya Afrika Mashariki vilipata njia ya kuizima. G2 ikaifunga njia hiyo. Nakala moja iliyobadilika ilitosha kumkinga mtu. Shida ya figo huja hasa kwa mwenye nakala mbili zilizobadilika, moja ya baba na moja ya mama.

Hata huyo si mgonjwa. Kati ya Wamarekani weusi, takriban 13% wana nakala mbili, na wengi wao figo haziwasumbui maisha yao yote. Mara nyingi ugonjwa hauanzi hadi kipatikane kichochezi. Kinachojulikana zaidi ni VVU visivyotibiwa.

Ila wewe unataka kubaki na figo moja. Waliochangia wakiwa na nakala mbili, figo iliyobaki imeonekana kupungua nguvu haraka zaidi. Tena figo huhama na jeni zake: APOL1 inayoumiza ni ile inayotengenezwa ndani ya seli za vichujio vya figo, si ile ya kwenye damu, ambayo hutoka kwenye ini. Kaka yako angepokea tatizo lilelile. Kwa umri wako, ukiwa na mbili, mimi nakushauri usitoe. Ungekuwa na miaka 60, tungezungumza.

Waulize kama kaka naye amepimwa. Akiwa na mbili, na kila mzazi wenu ana moja, uwezekano wako wa kuwa na mbili ni robo. Nakala moja kwa kawaida haizuii kuchangia. Na majibu yakiandikwa G1/G2, usidhani ni moja ya hatari kidogo na nyingine kidogo: hizo zinahesabiwa mbili.