Maswali ya wasomaji: Jinsi ya kusoma matokeo ya ubingwa wa dunia wa snuka

Barua za safari hii karibu zote zinahusu mashindano ya ubingwa wa dunia wa snuka, mchezo wa kutumbukiza mipira kwenye mifuko ya meza kwa fimbo, yanayochezwa katika ukumbi wa Crucible, Sheffield, Uingereza, na hasa yale ya 2025 yaliyompa taji Zhao Xintong wa China. Tunaanza na swali lililoulizwa na wengi.

Swali: Fainali ya 2025 iliandikwa Zhao Xintong 18-12 Mark Williams. Hizo 18 ni pointi? Na kwa nini nusu fainali ya Zhao na Ronnie O'Sullivan iliisha bila kipindi cha mwisho kuchezwa?

Jibu: Ni fremu. Fremu moja ni mchezo kamili: mipira inapangwa, inachezwa mpaka mmoja anashinda, halafu inapangwa upya. Fainali ina fremu zisizozidi 35, hivyo anayetangulia kufika 18 ndiye bingwa na zilizobaki hazichezwi. Raundi ya kwanza mshindi ni wa kutangulia 10, raundi ya pili na robo fainali 13, nusu fainali 17.

Jambo ambalo jedwali la matokeo halikuonyeshi ni vipindi. Mechi hizi ni ndefu mno kuchezwa kwa kikao kimoja, kwa hiyo zinakatwa. Raundi ya kwanza ina vipindi viwili, fremu 9 kisha 10. Raundi ya pili na robo fainali ni 8, 8 na 9. Nusu fainali ni 8, 8, 8 na 9. Fainali, kwa siku mbili, ni 8 na 9 siku ya kwanza, 8 na 10 siku ya pili. Ukizikariri namba hizi, matokeo makavu yanaanza kusimulia.

Chukua nusu fainali uliyoitaja. Zhao alishinda 17-7. Jumlisha: fremu 24, yaani vipindi vitatu vya nane nane, basi. Kipindi cha kwanza walitoka 4-4. Cha pili Zhao akazoa zote nane, 12-4. Cha tatu akaongeza tano akafika 17, na cha nne kikakosa kazi. Fainali nayo ilisomeka hivi: siku ya kwanza ilikwisha 11-6 (fremu 17, yaani 8 na 9), mchana wa siku ya pili ukaisha 17-8. Zhao alirudi jioni akihitaji fremu moja tu. Williams, aliyekuwa na miaka 50 na mcheza fainali mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kufika hapo Crucible, akachukua nne mfululizo kabla Zhao hajamaliza. Kwa hiyo 18-12 inaonekana ya ushindani kiasi, lakini mechi ilikuwa imekwisha tangu mchana.

Kinyume chake ni nusu fainali ya 2023. Luca Brecel wa Ubelgiji alikuwa nyuma 5-14 dhidi ya Si Jiahui, akashinda fremu 11 mfululizo, na mwisho 17-15. Ukiona 17-15 peke yake utadhani walikwenda bega kwa bega tangu mwanzo. Hata kidogo.

Swali: Nimesoma kwamba Zhao hakuwa hata mchezaji wa kulipwa. Aliingiaje?

Jibu: Kwa mlango wa mchujo. Wachezaji 32 ndio wanaocheza Crucible. Kumi na sita bora wanaingia moja kwa moja, bingwa mtetezi akiwekwa nafasi ya kwanza, na 16 wengine wanatoka kwenye mchujo, ambako kila mechi nayo ni ya kutangulia fremu 10. Zhao alianzia raundi ya kwanza kabisa ya mchujo kama mchezaji wa ridhaa, akashinda mechi nne, kisha tano nyingine za Crucible: Jak Jones 10-4, Lei Peifan 13-10, Chris Wakelin 13-5, O'Sullivan na Williams. Mechi tisa kwa taji moja.

Sababu ya kuwa wa ridhaa haikuwa kukosa kiwango. Alikuwa ametumikia adhabu ya kufungiwa miezi 20 katika kesi ya upangaji wa matokeo iliyowakumba wachezaji kumi wa China. Hakukutwa na kosa la kupanga mechi zake mwenyewe. Alikiri kuhusika katika upangaji wa mchezaji mwenzake na kuweka dau kwenye snuka. Aliporejea hakuwa na nafasi tena kwenye ziara ya kulipwa, yaani mfululizo wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa.

Waliowahi kutoka mchujoni na kutwaa ubingwa pale Crucible kabla yake ni wawili, Terry Griffiths mwaka 1979 na Shaun Murphy mwaka 2005.

Swali: Mipira bado ipo mezani, mchezaji anampa mwenzake mkono na kukubali. Si kukata tamaa huko?

Jibu: Ni hesabu. Nyekundu ina pointi 1, njano 2, kijani 3, kahawia 4, buluu 5, pinki 6, nyeusi 7. Rangi zote sita zikibaki bila nyekundu, mezani kuna pointi 27. Kila nyekundu iliyobaki ongeza 8: moja ya nyekundu yenyewe na saba za nyeusi inayoifuata, kwa kuwa kila nyekundu ikiingia hufuata rangi moja, na nyeusi ndiyo yenye pointi nyingi.

Tuseme umefungwa 65 kwa 22 na imebaki nyekundu moja. Mezani kuna 35, tofauti ni 43. Ukizoa kila kitu bado umepungukiwa 8. Hizo 8 zitoke wapi? Kwenye faulo za mpinzani tu. Faulo ya chini ni pointi 4, hata kwa mpira wa 2 au wa 3. Buluu ikihusika ni 5, pinki 6, nyeusi 7. Faulo mbili za nne nne na kumaliza meza nzima kutakupa sare, na sare huamuliwa kwa nyeusi kurudishwa mahali pake na kuchezwa upya. Kushinda moja kwa moja kunataka zaidi ya hapo. Ndiyo maana mtangazaji anasema mchezaji "anahitaji snuka mbili": lazima aufiche mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, nyuma ya mpira mwingine ili mpinzani ashindwe kuugusa anaotakiwa kuugusa, na afanikiwe mara mbili.

Wengi hukosea hapa: wakiona mtu anahitaji snuka, wanashangaa haitumbukizi ile nyekundu ya mwisho ingawa iko wazi. Haitaki. Nyekundu ikiwepo, rangi zote zinarudishwa mezani kila zikitumbukia, kwa hiyo kuna mipira sita ya kujifichia. Akianza kuzimaliza rangi, maficho nayo yanapungua moja baada ya jingine. Ikibaki nyeusi peke yake na tofauti inazidi 7, fremu imekwisha kisheria, hakuna cha kungoja.

Swali: Mwamuzi anasema faulo na misi, halafu anarudisha mipira ilipokuwa, mchezaji yuleyule anapiga tena. Huu si uonevu?

Jibu: Bila sheria hiyo uonevu ungekuwa mkubwa zaidi. Aliyefichwa angepiga kizembe, akose kwa makusudi, alipe pointi nne na auache mpira mweupe mahali salama. Nne ni bei nafuu kwa kutoroka. Hivyo mwamuzi akiona hakujitahidi kadiri ya uwezo wake kuugusa mpira, anatangaza misi, na mpinzani anachagua: apige yeye, amwambie mkosaji apige tena kutoka mipira ilipo sasa, au mipira irudishwe kama ilivyokuwa. Wachezaji wakubwa karibu wote huchagua kurudisha, kwa kuwa kila jaribio lililoshindikana ni nne nyingine.

Ipo na makali zaidi. Kama mchezaji anauona mpira wake wote, yaani njia iko wazi, akakosa na misi ikatangazwa, akirudia tena mwamuzi anamwonya. Akikosa mara ya tatu anapoteza fremu. Na usishangae ukiona misi haitangazwi mwishoni mwa fremu: mmoja akishahitaji snuka, hakosi tena kwa faida, basi sheria inalegezwa, isipokuwa kosa likiwa la makusudi.

Kurudisha mipira si kwa kukisia. Mwamuzi anasaidiwa na picha ya televisheni iliyopigwa kabla ya pigo, anaisogeza mpaka zilingane, na wachezaji wote wawili wana haki ya kutoa maoni.

Swali: 147 ni nini hasa, na kwa nini ni nadra hata kwa mabingwa?

Jibu: Nyekundu 15 na nyeusi 15 ni pointi 120, ongeza 27 za rangi, unapata 147. Ni mipira 36 kwa zamu moja bila kukosa. Cliff Thorburn ndiye wa kwanza kuifanya Crucible, mwaka 1983. Stephen Hendry na O'Sullivan wameifanya hapo mara tatu kila mmoja. Mark Selby, mwaka 2023, ndiye wa kwanza kuifanya ndani ya fainali, na fainali yenyewe akashindwa na Brecel 18-15.

Kutumbukiza nyeusi si kazi, iko karibu na mfuko. Kazi ni mpira mweupe utasimama wapi baada yake. Nyeusi inakaa milimita 324 tu kutoka ukingo wa juu. Ukiacha mpira mweupe umenyooka nayo kuelekea mfukoni, nyeusi itaingia lakini mweupe hauna njia ya kwenda pembeni. Unaweza tu kusonga mbele au kurudi nyuma kwenye mstari uleule. Ndiyo maana wanaacha pembe kidogo, inayouwezesha mweupe kugusa ukingo na kurudi katikati ya nyekundu. Pembe ikizidi, mweupe unakimbia mpaka nusu ya meza na breki, yaani pointi za mfululizo katika zamu moja, inafia hapo. Tatizo la pili ni nyekundu zilizobanana au kugandana na ukingo. Lazima zifumuliwe mapema, wakati bado kuna nyingine wazi ya kukimbilia endapo mfumuo hautakwenda vizuri. Anayezichelewesha hadi zibaki tatu hufika 96 akakwama.

O'Sullivan alimaliza zote 36 kwa dakika 5 na sekunde 8 mwaka 1997. Gawanya: sekunde zisizofika 9 kwa kila mpira, pamoja na kuzunguka meza.

Swali: Je, inawezekana kupita 147?

Jibu: Ndiyo. Mpinzani akifanya faulo kabla nyekundu yoyote haijatumbukia na kukuacha umefichwa, unapewa mpira huru: unataja rangi yoyote na inahesabiwa kama nyekundu ya ziada. Hiyo ni 8 zaidi, kwa hiyo kilele ni 155. Jamie Burnett alipata 148 mwaka 2004 katika mchujo wa ubingwa wa Uingereza, wa kwanza kupita 147 katika mashindano ya kulipwa.

Swali: Kuna laana ya Crucible kweli?

Jibu: Kuna rekodi. Tangu mashindano yahamie hapo mwaka 1977 hadi yale ya 2025, hakuna bingwa wa mara ya kwanza aliyetetea taji mwaka uliofuata. Waliokaribia ni Joe Johnson (1987) na Ken Doherty (1998), wote wakapoteza fainali. Mwaka 2025 Kyren Wilson, bingwa wa 2024, alitolewa raundi ya kwanza, 10-9, na Lei Peifan. Sisi tunaiona kama hesabu kuliko uchawi: hata ukiwa na nafasi 70 kati ya 100 ya kushinda kila mechi, kushinda tano mfululizo ni kama 17 tu kati ya 100.

Swali: Nani ana mataji mengi?

Jibu: Joe Davis, 15, kuanzia mashindano ya kwanza ya 1927 hadi 1946. Lakini washindani enzi zake walikuwa wachache. Katika enzi ya Crucible ni Hendry na O'Sullivan, saba kila mmoja.

Swali: Wazee wetu wanasema fainali ya 1985 iliamuliwa na mpira mmoja. Ni kweli au ni hadithi za kijiweni?

Jibu: Kweli tupu. Steve Davis aliongoza 8-0, Dennis Taylor akamfukuzia hadi 17-17. Fremu ya 35 Davis alikuwa mbele 62-44, zimebaki kahawia, buluu, pinki na nyeusi: pointi 22 mezani, tofauti 18. Taylor akatumbukiza kahawia, buluu na pinki, ikawa 62-59. Wakaikosa nyeusi kwa zamu, Davis akaipiga pembeni mno ilipokuwa karibu na mfuko, na Taylor akaimaliza 66-62. Saa sita ya usiku ilikuwa imepita, watu milioni 18.5 wakitazama Uingereza. Katika mechi nzima ya siku mbili, huo ulikuwa mpira wa kwanza kumweka Taylor mbele.