Bennett apewe upanga gani? Kuchagua silaha ya kila mhusika katika Genshin Impact

SWALI: Shikamoo kaka. Nipo Mikindani, nacheza Genshin Impact kwenye simu. Timu yangu ni Kaeya, Bennett, Xiangling na Barbara. Mungu si Athumani, nimepata upanga wa nyota tano, Skyward Blade, nikampa Kaeya kwa sababu ndiye ninayepigana naye muda mwingi. Bennett nimemwachia Harbinger of Dawn ya nyota tatu. Xiangling ana White Tassel, na Barbara nimempa The Widsith kwa kuwa ni nyota nne. Lakini maadui wananichosha, na ulti (pigo lake kubwa) ya Xiangling haijai kwa wakati. Malipo ya korosho yametoka na mzee amenipa chochote. Niweke hela kwenye gemu nitafute mkuki wa nyota tano? Halafu rafiki yangu anayecheza Elden Ring kwenye PS4 anasema huko mambo ni tofauti kabisa. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hela ya mzee iweke kwanza. Silaha mbili unazozihitaji unazo tayari, ila zimekaa kwa watu wasio wake. Ya tatu, kwa jinsi ninavyoyajua mabegi ya wachezaji, imelala chini kabisa ya orodha yako na hujawahi kuigusa. Ya nne inapatikana kwa kuvua samaki ndani ya gemu lenyewe, bila kutoa hata shilingi.

Ulichofanya wanafanya wengi, na mimi hukutana nacho kila mara ukumbini kwetu hapa Mtwara mjini ninapowafundisha vijana. Silaha inagawiwa kwa cheo: nyota tano kwa mhusika ninayempenda, nyota nne kwa anayefuata, wa mwisho achukue kilichobaki. Nyota zinakwambia silaha ni adimu kiasi gani, na mara nyingi silaha yenye nyota nyingi huwa na ataki (nguvu ya kushambulia) ya msingi kubwa zaidi. Hazikwambii inamfaa nani. Mvuvi wa hapo kwenu Mikindani hatoki na jarife kwenda kutafuta dagaa, hata kama jarife ndilo lililomgharimu kuliko nyavu zake zote.

Pa kuanzia ni ukurasa wa vipaji vya mhusika, ule ambao watu wengi wanaupita haraka ili wakapigane. Ufungue, usome maelezo ya skili, yaani uwezo wake mdogo, na ya ulti pole pole. Utakuta asilimia kadhaa pale. Jiulize: hizi ni asilimia za nini? Za ataki, za uhai, au za ulinzi? Kwa mfano, wahusika Zhongli na Hu Tao wanategemea sana uhai. Noelle ngao yake inatokana na ulinzi, ndiyo maana Whiteblind, upanga mkubwa wa kufuliwa kwa mhunzi wenye asilimia 51.7 za ulinzi, unamkaa vizuri. Sucrose na Kazuha wanataka umahiri wa elementi, kwa hiyo Kazuha mwenye Iron Sting ya nyota nne, pointi 165 za umahiri, hana cha kulalamika. Ukishajua namba inayomlisha mhusika, uliza la pili: kazi yake kwenye timu ni nini? Anapiga, anawapa wenzake nguvu, au anaponya?

Sasa twende kwa Bennett, maana hapo ndipo timu yako inapovuja.

Ulti ya Bennett inachora duara chini. Mwenye uhai wa asilimia 70 au pungufu akisimama ndani anaponywa, na mwenye zaidi ya hapo anaongezewa ataki. Nyongeza hiyo inakokotolewa kutoka kwenye ataki ya msingi ya Bennett peke yake, yaani ataki aliyonayo kwa levo yake, jumlisha ataki ya msingi ya silaha aliyoshika. Atifakti (vifaa anavyovaa mhusika), yaani manyoya na asilimia za ataki zilizomo, vyote hivyo haviingii kwenye hesabu ya duara.

Hili unaweza kuliona kwa macho yako. Fungua ukurasa wa Bennett, gusa sehemu ya maelezo ya takwimu zake, tazama mstari wa ataki. Kuna namba nyeupe, halafu namba ya kijani yenye alama ya kujumlisha. Nyeupe ndiyo ya msingi. Wachezaji wengi wanakesha wakiikuza ya kijani ya Bennett, na wenzake kwenye timu hawapati chochote kutokana nayo.

Tupige hesabu, tukichukulia kila kitu kimefika levo 90. Bennett mwenyewe ana 191. Harbinger of Dawn ina 401, jumla 592. Skyward Blade ina 608, jumla 799. Ulti yake ikiwa levo 10 inatoa asilimia 100.8 ya namba hiyo. Kwa upanga alionao sasa, anayesimama kwenye duara anapata ataki 597 hivi. Kwa Skyward Blade anapata 805. Ni zaidi ya ataki 200 kwa kila anayeingia pale, awe Xiangling au Kaeya, na umezipata kwa kubadilishana panga mbili tu. Zaidi ya hapo, Skyward Blade inampa asilimia 55.1 za kujaza nishati, kwa hiyo ulti yake, inayohitaji nishati 60, itakuwa tayari kila unapoitaka. Bennett ambaye ulti yake haijajaa ni kama hayupo kwenye timu.

Kaeya achukue Harbinger of Dawn. Najua inauma kumvua upanga wa nyota tano mtu unayempenda, lakini tazama anachopata: asilimia 46.9 za ukali wa kriti (pigo la bahati linaloumiza zaidi), na uhai wake ukiwa juu ya asilimia 90 anaongezewa uwezekano wa kriti kwa asilimia 14, hata kama upanga haujaboreshwa. Ataki anayopoteza mkononi, sehemu yake kubwa anairudishiwa na duara la Bennett. Sharti la uhai lingekuwa gumu kwenye timu nyingine, kwa sababu Bennett hamponyi mtu kupita asilimia 70. Wewe una Barbara.

Kwa kuwa nimetaja kriti, nieleze kidogo. Kila mhusika anaanza na uwezekano wa asilimia 5 na ukali wa asilimia 50. Namba hizi mbili zinazidishana, kwa hiyo kuilimbikizia moja na kuisahau nyingine ni hasara. Mwenye uwezekano wa 60 na ukali wa 120 anapata wastani wa mara 1.72 ya pigo la kawaida. Mwenye 30 na 180 anapata mara 1.54, ingawa yule wa pili ndiye atakayekuonyesha namba kubwa ya kutisha mara moja moja na kukufanya upige picha ya skrini. Lenga ukali uwe kama mara mbili ya uwezekano. Kwa Kaeya, Harbinger imeshakupa ukali. Kofia ya atifakti itafute yenye uwezekano.

Xiangling sasa. White Tassel si mkuki mbaya, ina asilimia 23.4 za uwezekano wa kriti. Tatizo ni kwamba uwezo wake maalumu unaongeza mapigo ya kawaida, na Xiangling kazi yake si kusimama mbele akichoma choma na mkuki. Kazi yake ni ile ulti ya moto unaozunguka. Anaiwasha, anaondoka, moto unabaki ukimzunguka mwenzake aliyeingia. Kwa hiyo nusu ya mkuki wako haifanyi kazi yoyote. Na ulti hiyo inakula nishati 80, huku White Tassel haimsaidii kujaza hata tone.

Mkuki wake unaitwa The Catch, wa nyota nne. Ataki ya msingi 510, kujaza nishati asilimia 45.9. Ukiboreshwa mpaka hatua ya tano unaongeza nguvu ya ulti kwa asilimia 32 na uwezekano wa kriti wa ulti kwa asilimia 12. Ukiusoma unaona wazi kwamba kila kilichomo kinakwenda kwenye ulti. Mikuki kadhaa ya nyota tano, ile ya watu kulilia, inamfaa Xiangling chini ya huu.

Unaupata kwa chama cha wavuvi kule Inazuma, nchi mojawapo ya gemu, kwa kubadilishana na samaki: Golden Koi 20, Rusty Koi 20 na Raimei Angelfish 6. Hao koi ni wepesi. Raimei ndiye mgumu, kwa sababu anatokea usiku tu, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 alfajiri kwa saa ya gemu, na ukishamvua dimbwi linahitaji siku tatu za kweli kujaa tena. Kwa hiyo anza na yeye. Geuza saa ya gemu iwe usiku, mvue, halafu endelea na mambo yako. Mkuki ukishaupata usiache uvuvi, kwa sababu vifaa vya kuuboresha vinabadilishwa hapo hapo. Kama bado hujafika Inazuma, panda cheo chako cha safari hadi 30 uifuate hadithi. Subira hiyo inalipa kuliko hela ya mzee.

Ukiweza pia kumkusanyia seti ya atifakti inayoitwa Emblem of Severed Fate, vipande vinne, mambo yanakaa sawa zaidi. Vipande viwili vinaongeza asilimia 20 za kujaza nishati, na vinne vinageuza robo ya asilimia zote za kujaza nishati kuwa nguvu ya ulti. Kwa The Catch na seti hiyo atakuwa na 165.9, na ulti inaongezeka kwa asilimia 41 na ushee.

Kuna jambo moja la mkono ambalo silaha haitakufanyia. Bennett akipiga skili, punje za nishati zinaruka kuelekea kwako. Badilisha mara moja umwingize Xiangling azipokee yeye, kwa sababu aliye uwanjani anapata nishati nyingi kuliko waliokaa nje, na punje za moto kwa mhusika wa moto zina thamani mara tatu ya punje za elementi tofauti. Vijana wengi wanaolalamika kwamba ulti haijai, ukiwatazama vidole utaona wanamwacha Bennett apokee zote.

Barbara ni rahisi. Uponyaji wake unatokana na uhai, kwa hiyo ukali wa kriti wa The Widsith kwake ni mapambo. Tafuta kwenye begi kitabu cha nyota tatu kinachoitwa Thrilling Tales of Dragon Slayers. Kinampa asilimia 35.2 za uhai, na ukitoka kwa Barbara kwenda kwa mhusika mwingine, anayeingia anaongezewa ataki kwa asilimia 24 kwa sekunde 10, mara moja kila sekunde 20. Ukikiboresha kwa nakala nyingine nne inakuwa 48. The Widsith ifunge kwa ile alama ya kufuli usije ukaitumia kama chakula cha silaha nyingine. Siku ukipata mchawi wa kupiga, itamfaa sana.

Mpangilio wa kupigana uwe hivi: Bennett skili kisha ulti, Barbara skili, Xiangling aingie ndani ya duara awashe ulti na kumtoa Guoba, mnyama wake wa skili, halafu Kaeya. Ulti ya Xiangling inabeba ataki aliyokuwa nayo wakati wa kuiwasha na kukaa nayo hadi moto uzimike. Ndiyo maana anaiwasha akiwa amesimama kwenye duara la Bennett na akiwa ametoka kupokea nguvu ya kitabu cha Barbara. Hata muda unawiana, ulti yake inarudi kila sekunde 20, sawa na kitabu.

Kuhusu hela. Kwenye sanduku la silaha, yaani bahati nasibu ya gemu, uwezekano wa kupata nyota tano kwa kila jaribio ni asilimia 0.7. Uhakika unakuja kwenye jaribio la 80, na kila jaribio ni primogem (vito vya gemu) 160, yaani primogem 12,800 ukikosa bahati kabisa. Na hiyo nyota tano ya mwisho yaweza isiwe mkuki unaoutaka, au isiwe mkuki kabisa. Mkulima anayesubiri mnada wa korosho kwa miezi anastahili mtoto wake akitumia hela hiyo ajue anachonunua.

Rafiki yako wa Elden Ring ana hoja, lakini si kabisa. Kule mhusika hafungwi kwenye aina moja ya silaha, anashika anachotaka mradi anatimiza masharti. Swali, hata hivyo, ni lile lile. Kila silaha ina herufi kuanzia S, kisha A hadi E, zikionyesha inavyopanda kwa nguvu, wepesi, akili na kadhalika. Upanga wenye B ya wepesi mkononi mwa mtu aliyemimina pointi zake zote kwenye nguvu unapigwa na rungu la kawaida. Mwambie aangalie herufi kwanza, aamue namba moja au mbili za kukuza, na azifuate. Akikosa nguvu kidogo ya kushika silaha nzito, aishike kwa mikono miwili: nguvu yake inahesabiwa mara moja na nusu, kwa hiyo mwenye 18 anaweza kubeba silaha inayodai 27. Na ajue kwamba herufi hizo zinapanda kadiri silaha inavyoboreshwa kwa mawe ya mhunzi, kwa hiyo asiitupe silaha yenye D kabla ya kuipandisha hatua chache.