Picha haijielezi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye kundi letu la WhatsApp kila ikitumwa picha ya vita huzuka ubishi. Mmoja husema "hiyo propaganda", akiwa na maana kwamba picha ni ya uongo. Mimi nasema propaganda si lazima iwe uongo. Juzi kiongozi wa kundi alifunga mjadala kwa kuandika: "Tuache ubishi, picha inajieleza." Nani yuko sahihi? Na je, Kiswahili hakina neno lake la propaganda? (Msomaji, Kondoa)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Uliye sahihi ni wewe. Neno propaganda asili yake ni Kilatini, kutoka kitenzi cha kueneza, nalo lilipata umaarufu mwaka 1622 Papa Gregori wa 15 alipounda idara ya kueneza imani. Ubaya lilivishwa baadaye, zaidi na Vita vya Kwanza vya Dunia. Tunalo "uenezi", na hapa Dodoma chama tawala kina katibu anayeshughulikia uenezi bila mtu kushtuka, lakini neno hilo halibebi nia ya kumteka mtu akili. "Kasumba", ambayo kwanza ilikuwa afyuni, inataja kile kilichokwisha kukaa kichwani, haitaji kazi ya kukiingiza. Propaganda libaki. Limeshakuwa letu.

Sasa nirudi kwa kiongozi wako, maana sentensi yake imenikera kwa miaka mingi. Picha inajieleza! Kiambishi -ji- humrudishia mtenda kitendo chake. Mtuhumiwa hujieleza mbele ya hakimu. Mtoto aliyechelewa kurudi hujieleza kwa mama yake. Anayejieleza ana kinywa, na anaweza kuulizwa swali la pili. Iulize picha swali la pili uone kama itajibu. Picha inaonyesha. Kueleza ni kazi ya mtu, na mtu huyo hujificha mstari mmoja chini, kwenye maelezo ya picha.

Nitatoa mfano ambao wanafunzi wangu wote wanaujua, maana siuachi. Askari wa Kisovieti yuko juu ya Reichstag, jengo la bunge la Ujerumani mjini Berlin, anainua bendera nyekundu, na chini yake mji ni magofu. Aliyeipiga ni Yevgeny Khaldei wa shirika la habari la TASS, tarehe 2 Mei 1945. Lakini bendera ya Wasovieti ilikuwa imeshapandishwa pale usiku wa tarehe 30 Aprili, gizani, wakati ambao kamera isingefaa kitu. Khaldei alikuja na bendera yake kutoka Moscow, iliyoshonwa kwa vitambaa vyekundu vya meza na jamaa yake fundi cherehani. Akapanda na askari aliowakuta, akatafuta pembe, akapiga.

Sasa sogea karibu, tazama mikono ya askari anayemshikilia mwenye bendera asianguke. Kila mkono ulikuwa na saa. Saa mbili kwa mtu mmoja, katika mji uliotekwa, zingesomeka kuwa ni uporaji. Kwa hiyo kabla picha haijatoka gazetini Khaldei alichukua sindano akaikwangua saa moja kwenye negativi, yaani ule mkanda wa filamu ambao picha husafishwa kutoka kwake. Baadaye moshi nao ukaongezwa uwe mzito zaidi. Yakaja majina: kwa miaka mingi watu waliambiwa wale ni Yegorov, Mrusi, na Kantaria, Mgeorgia kama Stalin mwenyewe. Khaldei alikuja kusema wazi kwamba aliowapiga ni Kovalev, Ismailov na Gorychev.

Picha hiyo ilijieleza lini? Iliyabeba majina yale mawili miaka yote hiyo bila kukanusha. Na jambo linalokuhusu wewe ni hili: Berlin ilianguka kweli, siku ileile, na askari wale walipigana kweli. Ni picha ya ushindi wa kweli, na ni propaganda. Anayedhani propaganda maana yake uongo hataiona picha kama hiyo ikimfikia, kwa sababu atakuwa anatafuta uongo peke yake.

Kwetu hapa ni hivyohivyo. Mpigapicha Mjerumani Walther Dobbertin alituachia picha za askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani, wamejipanga, bunduki begani, kofia zimekaa sawa. Watu huzitazama wakasema: picha zinajieleza, walikuwa watiifu. Lakini mzee wa Kigogo ukimtajia vita ile, Vita vya Kwanza vya Dunia, atakutajia Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920. Wajerumani walichukua nafaka, mifugo na wapagazi. Dodoma ilipotekwa Julai 1916, Waingereza nao wakachukua. Kisha mvua ikakatika. Safu ya askari waliosimama wima haina nafasi ya ghala tupu. Hakuna aliyedanganya kwa kupiga picha ile. Ila aliyesimama nyuma ya kamera alichagua aelekee wapi, na tunaoitazama leo tunasahau kugeuza shingo.

Wiki iliyopita, sokoni Majengo, kijana muuza zabibu alinionyesha kwenye simu yake picha ya mtoto amekaa juu ya kifusi. Chini iliandikwa Goma. Picha ileile nilikuwa nimeshatumiwa, chini imeandikwa Gaza. Mtoto ni mmoja, vumbi ni lilelile kwenye nyusi. Kijana akaniambia, "Mzee, si unaona mwenyewe?" Nilichoona ni mtoto na kifusi. Goma sikuiona, na Gaza sikuiona.

Kwa hiyo kundini kwenu acheni kutumia neno moja kwa makosa manne. Iliyokwanguliwa au kuongezwa kitu ni picha iliyochezewa. Iliyopangwa kama Khaldei alivyopanga ni picha ya kupanga. Ile ya muuza zabibu ni picha ya kweli yenye maelezo ya uongo, angalau moja kati ya yale mawili. Na ikiwa inasambazwa ili watu wachukie au washangilie upande fulani, iwe safi au imechezewa, semeni imetumika kwa propaganda, kisha mtaje na anayeitumia. "Feki" mnaweza kuendelea nalo, nimechoka kulipinga. Ila kiongozi wako akiandika tena kwamba picha inajieleza, mwulize maelezo yale ya chini yameandikwa na nani.