Ganzi ya mdomoni, mwiteni daktari aiangalie tena

Juzi msomaji mmoja ameniandikia kwamba ana kitu kama kovu gumu juu ya mdomo. Hakimuumi, ila akipagusa hasikii vizuri. Nilijikuta nimeshika mdomo wangu.

Changu kilianza hivyo hivyo: kibonge cha rangi ya ngozi, hakitoi damu wala usaha. Nilikizoea miaka mingi, mpaka ganzi ilipoingia. Daktari wa kwanza alikwangua kipande chembamba cha juu, majibu yakasema ni uvimbe usio na madhara. Nilimshukuru kwa moyo wote. Shukrani ile inaniuma hadi leo.

Miaka miwili baadaye daktari wa ngozi mwingine aliuliza swali ambalo wa kwanza hakuliuliza: "Pana ganzi?" Akachukua kipande kinachoshuka hadi kwenye mafuta chini ya ngozi. Ndipo jina lilipotoka: mikrosistiki adneksa karsinoma, saratani ya tezi za jasho iliyoelezwa rasmi mwaka 1982. Kwa juu hufanana na vivimbe vya kawaida, ubaya wake uko chini, inakojipenyeza kufuata mishipa ya fahamu, ndiko ganzi inakotoka. Nilifanyiwa upasuaji wa Mohs, ngozi inaondolewa tabaka kwa tabaka na kila tabaka linapimwa kwa hadubini mpaka kingo ziwe safi. Kidonda kilikuwa kikubwa mara nyingi kuliko kile kibonge.

Ndugu zangu, msiridhike na kipande cha juu juu! Ulizeni kimechukuliwa kwa kina gani. Majibu yakisema salama na uvimbe unaendelea, rudini, ombeni kipande kingine. Na wenye wazazi wazee, watazameni miguu: porokarsinoma, saratani nyingine ya tezi za jasho, huweza kuzuka kwenye uvimbe uliokaa kimya miaka na miaka. Ukianza kukua haraka, kuchimbika au kutoa damu, msingoje. Tezi za mtoki nazo zipapaswe. Jicho peke yake halitoshi, hata la bingwa. Kuna aina nyingine, ya kope, ambayo daktari hupima pia matiti na utumbo, kwa sababu saratani ya ndani ikisambaa hadi kwenye ngozi huweza kufanana nayo kabisa.

Wewe uliyeniandikia, nenda wiki hii. Ukiketi mbele ya daktari, anza na ganzi kabla hujamwonyesha kovu.