Baridi kali na upanga wa jogoo: majibu kwa wafugaji

*Jogoo wangu ameamka ncha za upanga wake, ile nyama nyekundu ya kichwani, zikiwa nyeupe kama zimepakwa unga. Ni ugonjwa gani?*

Si ugonjwa, ncha zimeganda kwa baridi. Damu haifiki tena kwenye ncha hizo. Zitavimba, kisha zitakuwa nyeusi. Mwingize ndani, mahali penye joto la kadiri, na umwache huko. Ukimrudisha nje usiku huohuo, nyama iliyoyeyuka ikaganda tena huharibika kuliko mwanzo. Usimsugue, wala usimsogeze karibu na moto, maana palipokufa ganzi hapahisi kuungua. Vidole vya miguu vikiganda, viloweshe kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 38 hadi 40, halafu uvikaushe kabisa. Tafadhali msione ni jambo dogo. Kuku huyu ana maumivu, hata akikaa kimya.

*Sehemu iliyokuwa nyeusi niikate?*

Hapana. Inalinda nyama hai iliyo chini yake, na itadondoka yenyewe baada ya wiki kadhaa. Ukiona usaha au kunuka, mwite daktari wa mifugo.

*Nimeziba kila tundu la banda na bado kuku wangu wameganda. Nimekosea wapi?*

Hapo hapo kwenye kuziba. Kuku mwenye manyoya makavu huvumilia baridi kuliko tunavyodhani. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, na akijitunisha hujifunika kwa hewa yenye joto. Kinachomwumiza zaidi ni unyevu. Usiku kucha kuku wanapumua na kunya, na mvuke huo ukikosa pa kutokea hutua juu ya upanga na ndevu, yaani nyama zinazoning'inia chini ya mdomo, kisha huganda.

Fungua matundu ya hewa juu, karibu na paa, mbali na vichwa vyao. Upepo usiwapige pale wanapolala, lakini hewa ipite juu yao. Asubuhi, kabla ya kufungua mlango, tazama vioo vya madirisha na dari. Ukikuta matone au barafu kwa ndani, matundu hayatoshi. Inama pia unuse usawa wa kuku: amonia, ile hewa kali ya kinyesi, ikikuchoma macho, maranda yameloa. Yaondoe, umwage makavu kwa wingi. Chombo cha maji kisilale bandani.

Na fito za kulalia ziwe bapa, upana wa sentimita 9 hivi, ili kuku akilala vidole vyake vifunikwe na manyoya ya tumbo.

*Niweke taa ya joto?*

Mimi nakataa. Maranda ni makavu, kuku hurukaruka, na taa ikianguka banda lote linateketea. Umeme ukikatika nao, kuku waliozoea joto wanakutwa na baridi ghafla.

*Mafuta ya mgando kwenye upanga yanasaidia?*

Wafugaji wanabishana. Ukipenda paka kidogo, ila banda lenye unyevu halitibiwi kwa mafuta.

*Nataka kuongeza kuku. Aina gani wanafaa?*

Angalia kichwa kwanza. Leghorn, mwenye upanga mkubwa, huumia upesi. Wyandotte anafaa zaidi, maana upanga wake ni mfupi na umelala bapa kichwani. Chantecler alizalishwa Quebec, Kanada, na mtawa aliyeanza kazi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, akikusudia kuku wa kustahimili majira yao ya baridi. Upanga na ndevu zake ni vidogo mno, baridi haina pa kushika.